Nusu Senti ya Mlimaji: Ruzuku ya Pamba katika Wilaya ya Poinsett

Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipoitia saini Sheria ya Marekebisho ya Kilimo mwezi Mei 1933, pamba, ambayo mwaka 1929 iliuzwa kwa zaidi ya senti 16 kwa ratili, ilikuwa imekwisha kuporomoka mwaka 1931 hata chini ya senti 6, na watu wa jimbo la Arkansas, ambao riziki yao ilitegemea mmea huo, walikuwa katika dhiki kubwa mno. Dawa ya Henry Wallace, waziri wake wa kilimo, ilikuwa kupunguza mavuno ili bei ipande, na serikali imlipe mwenye shamba kwa ardhi aliyoacha kuipanda. Na kwa kuwa pamba ya mwaka ule ilikwisha ota, ekari zipatazo milioni 10 zilipitishwa jembe na miche yake ikafukiwa.

Katika wilaya ya Poinsett, mashariki ya Arkansas, ardhi nyingi ilikuwa mikononi mwa makabaila, na waliolima hasa ni mafukara, weusi kwa weupe, waliopewa kibanda na mbegu, kisha wakagawana mavuno na mwenye ardhi nusu kwa nusu. Mkataba wa pamba wa 1934 na 1935 uliahidi senti 4 na nusu kwa ratili: senti 3 na nusu zilikuwa ijara ya ardhi, nazo zilimwendea kabaila peke yake, senti moja iliyosalia ndiyo iliyogawanywa. Basi, katika kila mafungu tisa ya fedha za serikali, yule aliyeinama juani aliambulia moja.

Hata hivyo, dhuluma iliyoumiza zaidi ilikuwa ya kufukuzwa. Mkataba uliwataka makabaila wasipunguze idadi ya wapangaji wao kadiri ilivyowezekana, na sharti legevu namna hiyo halikumzuia mtu. Ekari zilipopunguzwa, watu nao wakahesabiwa kuwa ziada. Malalamiko yalipelekwa kwa kamati za huko huko wilayani, ambamo sauti ya wenye ardhi ndiyo iliyotawala. Na ni nani apataye insafu kwa kadhi aliye hasimu wake?

Ndipo Julai 1934, karibu na mji mdogo wa Tyronza, wanaume 18, weupe 11 na weusi 7, walipounda Chama cha Wakulima Wapangaji wa Kusini, wakisaidiwa na H. L. Mitchell, mwenye duka la dobi, na Clay East, mwenye kituo cha petroli. Katika zama zile za ubaguzi, kuketi pamoja vile kulikuwa ushujaa unaostahili kukumbukwa na kila mpenda haki. Mapema mwaka 1935 serikali ilimtuma mwanasheria Mary Connor Myers kuchunguza, lakini ripoti yake haikutangazwa. Na mwezi Februari Jerome Frank, mwanasheria wa wizara ya kilimo, na wenzake, waliosisitiza kuwa mkataba uliwalinda wapangaji wale wale waliokuwapo, waliachishwa kazi.

Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha Sheria ya Marekebisho ya Kilimo Januari 1936, na mwaka huo huo malipo yakarejeshwa kwa jina la hifadhi ya udongo. Makabaila wengi walinunua matrekta, na wakawageuza walimaji kuwa vibarua wa kutwa, kwani kibarua hakuwa na fungu katika ruzuku. Siku hizi mpunga na soya zimeenea Poinsett, na sehemu kubwa ya ruzuku ya nafaka nchini humo bado hukadiriwa kwa ekari za msingi zilizoandikishwa kwa shamba, hata mwaka ambao zao lenyewe halikupandwa.