Adabu ya bao

Adabu ya bao ni kanuni zisizoandikwa zinazowaongoza wachezaji na watazamaji wa bao la Kiswahili, mchezo wa barazani na chini ya miti kuanzia Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hadi Lindi na Mikindani. Ubao una mashimo 32 katika safu 4, na kete 64, aghalabu komwe. Katika kunamua, awamu ya kwanza, kila mchezaji huanza na akiba ya kete 22, akiingiza moja kila zamu. Zikiisha, huanza awamu ya pili, mtaji.

Mwamuzi hayupo. Mkono mmoja unaweza kuzunguka upande wa mchezaji mara kadhaa kabla ya kulala, yaani zamu kuisha, na shimo moja likirukwa, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, mchezo mzima hupotoka. Kwa hiyo kete hudondoshwa waziwazi, mpinzani akiufuata mkono kwa macho. Hapo ndipo ilipo roho ya adabu hii. Watazamaji hutania na kushauri kwa sauti, jambo ambalo mashindano ya sataranji hayaruhusu kabisa.

Sataranji ya mtandaoni, kama ya Chess.com (2007) na Lichess (2010), imeondoa udanganyifu wa mkono, kwani programu hukataa hatua isiyo halali. Umebaki ulio mbaya zaidi: kuazima akili ya kompyuta, kosa linalofungisha akaunti. Kumwacha mpinzani angoje saa iishe badala ya kukiri kushindwa nako huadhibiwa. Barazani, aliyefungwa kwa kawaida huinuka na kumpisha anayesubiri.