Kitfo: nyama mbichi ya Ethiopia, na namna ya kuila kwa usalama

Watanzania wengi wanaosafiri kwa ndege kwenda masomoni au kazini nje ya nchi hupitia Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia. Wapo wanaokaa siku kadhaa na kukaribishwa mezani, na mwenyeji anayetaka kumheshimu mgeni huenda akamwagizia kitfo. Kwa mtu aliyezoea nyama choma ya mnada wa Msalato, sahani hiyo hushtua, kwa sababu nyama yake haijapikwa.

Kitfo ni nini?

Ni nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, iliyokatwakatwa hadi ikawa laini, kisha ikachanganywa na siagi yenye viungo na pilipili kali ya unga iitwayo mitmita. Siagi hiyo huwa ya vuguvugu tu, haiivishi nyama. Chakula hiki kinatokana na watu wa Gurage, lakini leo huliwa sehemu nyingi za nchi, hasa wakati wa sikukuu. Huletwa pamoja na jibini laini liitwalo ayib, mboga za majani, na injera au kocho, ambao ni mkate wa mmea unaofanana na mgomba. Wapo pia wanaokula minofu mibichi kwa kuichovya kwenye pilipili. Hiyo huitwa tere siga.

Hatari iko wapi?

Hatari inayojulikana zaidi ni minyoo ya tegu. Mtu mwenye tegu akijisaidia porini, mayai huangukia majani, ng'ombe huyala, na ndani ya nyama yake huota vifuko vidogo vyenye mnyoo mchanga. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, mnyoo hukua tumboni mwake na unaweza kuzidi mita 5. Ukaguzi wa machinjioni husaidia, lakini vifuko vichache vinaweza kupita bila kuonekana. Nyama mbichi huweza pia kubeba bakteria wa kuharisha.

Pilipili, ndimu na pombe haviui mnyoo huo. Kinachoua ni moto. Waethiopia wenyewe wanaijua tegu tangu zamani, na walitumia maua ya mti uitwao kosso kuitoa tumboni. Kwa hiyo mgeni anayeomba nyama iliyoiva hasemi jambo geni kwao.

Ufanye nini ukikaribishwa?

Sema mapema, kabla chakula hakijaagizwa. Neno la kukumbuka ni "yebesele", yaani iliyopikwa. Ukisikia "leb leb", ujue imepashwa moto kidogo tu, na hiyo haitoshi. Kitfo iliyopikwa hubaki na siagi na mitmita yake, na hakuna atakayeona umemdharau.

Kusema mapema kuna faida nyingine. Waethiopia wana desturi ya gursha: mwenyeji hukunja tonge na kukulisha kwa mkono wake, ishara ya upendo. Kulikataa tonge likiwa limeshafika mdomoni ni vigumu na huumiza. Wajawazito, watoto na wagonjwa wasile kabisa nyama mbichi.

Kumbuka pia kwamba waumini wa Kanisa la Orthodox hufunga nyama Jumatano na Ijumaa kwa sehemu kubwa ya mwaka, hivyo siku hizo huenda ukaletewa dengu na mboga.

Na kama umeshakula?

Usiwe na hofu. Tegu huchukua miezi miwili au mitatu kukomaa. Ukiona vipande vyeupe bapa kwenye choo kikubwa, nenda zahanati. Ipo dawa, praziquantel, ambayo hutolewa kwa kipimo cha mhudumu wa afya.

Hapa nyumbani je?

Tegu haihitaji pasipoti. Mshikaki uliobabuka nje huku ndani ukiwa bado na damu una hatari ileile. Choma mpaka ndani iive, tumia choo hata ukiwa machungani, na usile mzoga. Wafugaji wa Dodoma wanakumbuka Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007, iliyoupiga mkoa huu vibaya. Watu waliugua baada ya kugusa damu na nyama ya mifugo iliyougua, wengine kwa kuumwa na mbu. Mnyama akifa ghafla, usimchune; mwite kwanza mtaalamu wa mifugo wa kata.