Ngazi au aina?

Udongo unaozunguka tanuri la shaba la Lubumbashi ulianza kupokea moshi wake mwaka 1911. Anayejaribu kuuponya kwa mboji, chokaa au samadi, kila kimoja katika vitalu vinne, huandika gl(3, 4) kwenye programu ya R. Hupata safu ya tarakimu 12: 1 mara nne, kisha 2, kisha 3. Tarakimu hizo tunaziita “ngazi”, na hapo neno linapotosha, kwa sababu ngazi hupandwa, ilhali chokaa haiko juu ya mboji. Utasema hata serikali ina ngazi. Ndiyo, lakini jimbo kweli liko juu ya komini. Mbolea ya kilo 50, kisha 100, hiyo ina ngazi. Kwa mboji na chokaa, walimu wetu, andikeni “aina”.