Mkaa wa Makapi katika Tarehe ya Dizeli ya Mimea

Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 ilikuwako injini ndogo ya namna aliyoibuni Rudolf Diesel, iliyokwenda kwa mafuta ya karanga kwa utulivu hata wakawa wachache tu katika hadhirina waliotambua. Lakini mafuta ya mimea, kwa uzito wake, huziba mirija na kuacha masizi, na dawa ya maradhi hayo haikudhihiri mpaka mwaka 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipopata hataza ya kuyageuza mawese kuwa dizeli kwa alkoholi na tindikali. Ubelgiji, iliyokuwa ikitawala Kongo yenye michikichi tele, ilikuwa na kila sababu ya kulitaka jambo hilo, na mwaka 1938 basi la abiria liliendeshwa kwa mafuta hayo baina ya Brussels na Louvain.

Tindikali ya majimaji, hata hivyo, haina insafu: hula vyuma, na kuiondoa katika mafuta ni adha. Viwanda vikahiari soda kali, iliyo na kasi zaidi, illa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa yakikutana nayo hugeuka sabuni, na mwenye mali akabaki kukoroga povu.

Ndipo mwaka 2005 Michikazu Hara na wenziwe wa Tokyo walipotangaza katika jarida la *Nature* kwamba sukari, ikiunguzwa pasipo hewa ya oksijeni lakini isiachwe kuwa mkaa kamili, kisha ikapikwa katika asidi kali ya salfa, huwa kichocheo cha unga mweusi usioyeyuka, wenye tindikali iliyoshikamana nao, unaofanya zaidi ya nusu ya kazi ya asidi yenyewe na kuchujwa ili utumike tena. Siri, kwa rai yangu, imo katika ule moto wa kadiri, maana mkaa ulioiva mno hufungamana hata tindikali ikakosa pa kushika.

Baada ya sukari, wataalamu waligeukia makapi ya miwa, kumvi za mpunga, vifuu vya nazi na masalia ya kahawa. Aibu ya kichocheo hiki ni kwamba alkoholi ya moto huibandua tindikali kidogo kidogo, nguvu ikapungua kila kikitumiwa, na tena hakitengenezwi bila asidi ileile ya majimaji iliyokimbiwa. Kwa hiyo sifa zake zimejaa maabarani, ilhali viwanda vikubwa vingali vikitegemea soda na jamaa zake.