Mtu wa Shamba Katika Sinema za Dar es Salaam

Mtazamaji wa filamu zitungwazo Kinondoni na Temeke mara nyingi huujua mwisho kabla ya kufika katikati. Kijana ashuka kutoka bara na mzigo wake, apendwa na mwanamke mjanja, apoteza alichonacho. Kisha huja mganga, mali ya ghafula, na majuto. Wako wasemao kwamba yote haya yameigwa Nijeria, ambako Living in Bondage ya mwaka 1992 ilifungua njia. Kwa habari ya mganga na utajiri wa uchawi, pengine wasema kweli. Lakini kijana wa shamba si mgeni: hadithi yake ni kongwe kuliko kanda za video.

Mwaka 1949 Afrika ya Kusini ilitoa African Jim, filamu ya mwanakijiji aibiwaye mara afikapo Johannesburg. Miaka michache baadaye, chini ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika, ikatokea Muhogo Mchungu, na mshamba anaswaye na hila za Dar es Salaam akawa Rashidi Kawawa. Watazamaji walimcheka. Watawala nao walikuwa na sababu ya kuipenda hadithi hiyo, kwani waliogopa mji kujaa watu wasio na kazi.

Wala hofu hiyo haikuondoka pamoja na wakoloni. Kawawa mwenyewe akawa Waziri Mkuu mwaka 1962. Na mwaka 1983, kwa jina la Nguvu Kazi, watu wasio na kazi maalumu walikamatwa mitaani wakapelekwa mashambani. Sinema na sheria zilisema neno moja: mahali pa mshamba ni shamba.

Tangu Girlfriend ya mwaka 2003, watungaji wamekuwa watu wa mitaa ile ile, na kicheko kimepungua. Mshamba sasa huonewa huruma zaidi, maana aketiye mbele ya televisheni amemtambua. Mji uliokuwa na watu 128,742 mwaka 1957 ulihesabiwa 5,383,728 mwaka 2022, na wengi wao, ama wazazi wao, waliwahi kushuka stendi na mzigo. Steven Kanumba, mwigizaji aliyejulikana kuliko wote, alizaliwa Shinyanga. Alizikwa makaburi ya Kinondoni tarehe 10 Aprili 2012, na umati uliomsindikiza ulikuwa wa maelfu.