Mapenzi Yasiyo na Shahidi: Taksiri Moja ya Utungaji katika Michezo ya Masahaba

Iko aina ya michezo ya kompyuta ambayo mchezaji huvaa nafsi ya shujaa, akafuatana na masahaba kadha wa kadha katika safari ndefu ya vita na mashauri, na akipenda huruhusiwa kumwashiki mmoja wao. Katika mabanda ya gemu ya Morogoro mjini haionekani sana, kwa kuwa huko mpira ndio unaotawala, na anayelipia muda wa kucheza hana wasaa wa hadithi ya makumi ya saa. Wanaoijua aghalabu ni wanafunzi wenye kompyuta zao wenyewe. Lawama inayotolewa juu yake, hapa kwetu na ughaibuni, ni kwamba sahaba aliyekula yamini usiku huamka asubuhi akasema na mpenzi wake kama mtu waliyekutana njiani.

Aghalabu kosa hili hutwikwa wingi wa waandishi, kwa kuwa kila sahaba hupewa mtungaji wake na mikono haiandiki kwa wino mmoja. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haifiki kwenye shina. Shina ni kwamba mapenzi katika michezo hii ni ya hiari, na kwa sababu hiyo kisa kikuu hakina budi kusimama sawasawa yawepo yasiwepo. Basi mtungaji huyatenga chumbani peke yake, akayakabidhi kwa hesabu. Katika Baldur's Gate II, iliyotolewa mwaka 2000 na BioWare ya Kanada, mazungumzo ya mahaba yalikuja kwa saa iliyotegwa, muda ukitimia sahaba akafungua kinywa, hata kama kundi limetoka kupigana sasa hivi. Jaheira, ambaye mumewe Khalid anakutwa maiti mwanzoni mwa kisa, alihesabiwa eda yake na saa hiyo. Nami nakiri kwamba majonzi yake yaliandikwa kwa ustadi, ila ustadi huo ulifungwa katika gereza la dakika. Miaka ishirini na mitatu baadaye, Baldur's Gate 3 ya Larian ilipotoka Agosti 2023, watengenezaji wenyewe walieleza kwamba kiwango cha upendeleo kinachomfanya sahaba atongoze kilikuwa kimewekwa chini kuliko walivyokusudia, hata wachezaji wakajikuta wanaposwa na watu waliowasaidia jambo dogo tu.

Mfano ulio bayana kuliko yote ni sahaba aitwaye Jacob Taylor. Katika Mass Effect 2 ya mwaka 2010, Jacob anamtafuta baba yake aliyepotea, anamkuta katika sayari ya mbali akiwa amewageuza wanawake wa merikebu yake kuwa watumwa wa matamanio yake, na mwana, kwa uchungu na haya, anamkana mzazi. Shujaa wa kike aliyempenda Jacob alimpenda mtu huyo. Katika Mass Effect 3 ya mwaka 2012, baada ya utengano wa takriban miezi sita, anamkuta yu pamoja na Daktari Brynn Cole, naye ni mjamzito, na mchezaji hana njia yoyote ya kuyaepuka hayo. Watu huvunja ahadi, na kuvunja ahadi ni maudhui halali ya fasihi. Lakini mwana aliyemhukumu baba yake kwa kuwadhulumu wanawake hawezi kufanya hivyo bila kukumbuka hukumu yake mwenyewe, na hilo ndilo halikuandikwa.

Hapa milima ya Uluguru ina la kutufunza. Waluguru, kama walivyoelezwa na watafiti Young na Fosbrooke mwaka 1960 na Beidelman mwaka 1967, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye, ardhi hurithiwa kwa njia hiyo hiyo, na mjomba ana kauli katika mambo ambayo kwingine ni ya baba. Kijana wa Kinole au Matombo atakaye mke hapeleki maneno yake kwa binti peke yake, bali huyapeleka kwa wajomba kupitia mshenga, na nyuma yao wako watani wa ukoo, wenye ruhusa ya kusema hadharani, arusini na hata msibani, yale ambayo wengine huyameza. Mtu wa namna hiyo akitaka kusahau neno lake, itambidi awasahaulishe watu wengi.

Sahaba wa mchezoni hana mtani wala mjomba. Penye watu wa kuyaona mapenzi, utungaji hutengemaa: katika Mass Effect 3, Garrus na Tali wasipopendwa na shujaa huweza kupendana wenyewe, na katika Dragon Age: Inquisition ya mwaka 2014, Dorian na Iron Bull kadhalika, na wenzao husikika wakiwatania. Kiro'o Games ya Yaoundé ilikwenda mbali zaidi mwaka 2016 kwa Aurion, ambamo mwanamfalme Enzo Kori-Odan na Erine ni mume na mke tangu awali, na anayempindua Enzo ni shemeji yake mwenyewe. Hapo ndoa haiwezi kusahauliwa, kwa kuwa vita vyenyewe vimeanzia ukweni.

Atakayepinga atasema kwamba kila shahidi ana gharama, kwa kuwa maneno yake lazima yaandikwe na kurekodiwa kwa kila mpenzi awezaye kuchaguliwa. Ni kweli, lakini sentensi moja ya utani inayosemwa kikaangoni mwa vita hugharimu kidogo kuliko onyesho zima la faragha, na hufanya kazi kubwa zaidi. Kwa hiyo kijana wa Chuo Kikuu cha Mzumbe au cha Sokoine atakayethubutu kutunga mchezo wa namna hii, namsihi amwandikie sahaba wake mjomba kwanza, kabla hajamwandikia neno hata moja la mahaba.