Pishi na Basi: Watoto Wadogo katika Idi ya Unguja na Krismasi ya Kilimanjaro

Idi ya Unguja na Krismasi ya Uchaggani zinakubaliana katika jambo moja: hakuna mtoto mdogo mno asihesabiwe. Zinatofautiana katika namna ya kumhesabu, na hapo ndipo yanapoamuliwa masiku ya mama mwenye kichanga mgongoni na wa miaka 2 anayemvuta kanga.

Tuanze Unguja. Kabla ya swala ya Idi el-Fitri, mwenye nyumba humtolea zaka ya fitri kila aliye chini ya ulezi wake: pishi moja, yaani vibaba 4 vya chakula cha mahali pale, ambacho siku hizi aghalabu ni mchele. Kwa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani, mtoto aliyezaliwa kabla ya jua la mwisho la Ramadhani kuzama ana pishi yake. Aliyezaliwa baada ya hapo hana. Kichanga asiyejua hata kujigeuza anatolewa kiasi kile kile anachotolewa babu yake, na hesabu yake inakamilika akiwa usingizini.

Siku yenyewe nayo haimpeleki mbali. Ndugu wako mtaa wa pili, jirani ukuta kwa ukuta. Yule wa miaka 2 huvishwa kanzu mpya, akashikwa mkono na dada zake nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi, na jioni huenda nao viwanja vya Mnazi Mmoja kwenye pembea. Mdogo hubaki nyumbani, wanja machoni. Mzigo wa mama uko usiku wa kuamkia. Kwa kuwa hakuna ajuaye kwa hakika kama mwezi utaandama leo au kesho, kupika, kupiga pasi na kupamba huangukia saa chache baada ya tangazo, na kichanga hajui kwamba usiku ule si wake.

Kilimanjaro hakuna pishi ya kumwakilisha mtoto. Lazima afike mwenyewe. Kila Desemba Wachagga wa Dar es Salaam hupanda kwao, na jirani zao huwatania kwamba wamekwenda kuhesabiwa. Tarehe inajulikana mwaka mzima, lakini njia ni zaidi ya kilomita 500 hadi Moshi, na aliyeanza kutembea juzi hakai kwenye kiti cha basi kuanzia alfajiri mpaka jioni bila kudai haki yake ya kushuka. Sababu ya safari ni nzito. Kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Mzee aliyeko kihambani, kwenye shamba la ukoo, anamsubiri mtu mwenye jina lake, na picha ya simu haimtoshi.

Wakishafika, mzigo hubadilika. Mkubwa hupotelea migombani na binamu zake tangu asubuhi. Jikoni kuna mtori, ndizi na nyama zilizochemshwa zikapondwa, chakula cha mzazi tangu zamani na laini kwa asiye na magego. Chungu kimoja kinamlisha mama na mkubwa, na kupitia titi kinamfikia mdogo. Tatizo ni kwamba mama huyo pia ni mkamwana. Wageni wakijaa, anayestahili kulishwa ndiye anayetazamwa apakue, huku kichanga akipita mikono asiyoijua na kulia.

Kwa maoni yangu, Unguja imemwelewa mtoto zaidi, na Kilimanjaro imemwelewa mama, pale inapoifuata desturi yake yenyewe. Zaka inakiri kwamba kuna umri ambao mtu huhesabiwa bila kudaiwa aonekane; kichanga wa miezi 2 angeweza kubaki Dar na mama yake mwaka huu, babu akatumiwa salamu na kitambaa, naye apande mwakani kwa miguu yake. Na mtori unadai kwamba anayenyonyesha alishwe kwanza. Usiku mwezi unapoandama, mawifi wa Unguja wangeweza kumwachia kazi moja tu, kunyonyesha, pilau wakaipika wao.